Kumlinda faru alipo au kumrudisha alikotoweka: Ngorongoro na Mkomazi

Kwa sisi wakazi wa Moshi, njia hizi mbili za kumwokoa faru mweusi haziko mbali. Katika kreta ya Ngorongoro faru hakutoweka kabisa; walinzi humfuatilia palepale alipozaliwa, naye anayajua maji na malisho yake. Mkomazi, nyuma ya Milima ya Upare, ujangili uliwamaliza, hivyo kuanzia mwaka 1997 wakaletwa wengine kutoka Addo, Afrika Kusini, ambako mababu zao walikuwa wamepelekwa kutoka Kenya katika miaka ya 1960; hao walioletwa Mkomazi wakawekwa ndani ya uzio.

Ulinzi wa Ngorongoro humsumbua mnyama kidogo, lakini kundi dogo lililozungukwa na kuta za kreta huweza kuzaana ndugu kwa ndugu, na maradhi ya msimu mmoja wa ukame yanaweza kulitikisa lote.

Kuhamisha huleta damu mpya na kuligawa kundi katika makazi mawili, jambo lenye thamani kubwa. Hatari yake, hata hivyo, haina simile: mwaka 2018 faru 11 walihamishiwa Tsavo Mashariki nchini Kenya, wakakuta maji yenye chumvi nyingi, na wote wakafa. (Dawa ya usingizi na safari ya lori nazo zina hatari zake.)

Binafsi ningeanza na ulinzi, na kuhamisha pale tu maji na malisho ya makazi mapya yamekwisha kupimwa. Mkomazi, hata hivyo, hapakuwa na faru wa kulindwa.