Love Comes Softly ya Janette Oke: uzoefu wangu wa kuisoma na wanawake wenzangu wa usharika

Nimeimaliza riwaya ya Love Comes Softly (yaani, upendo huja polepole) kwa mara ya pili, safari hii nikiwa na wanawake wenzangu saba wa usharika wetu hapa Moshi, na kwa kuwa nimekwisha kuulizwa mara kadhaa kama inafaa kununuliwa, nimeona vema niandike kwa kirefu yale niliyoyaona mimi na yale waliyoyasema wenzangu, ambao hawakukubaliana nami katika kila jambo.

Mwandishi wake ni Mkanada, Janette Oke, aliyezaliwa mwaka 1935 huko Champion katika jimbo la Alberta. Hii ndiyo riwaya yake ya kwanza, nayo ilitolewa mwaka 1979 na kampuni ya Bethany House ya Marekani, na wanaofuatilia historia ya riwaya za mapenzi za Kikristo mara nyingi huanza kuhesabu kutoka hapo. Iliwavutia wasomaji kiasi kwamba Oke aliendelea na familia ileile mpaka vikafika vitabu vinane, cha mwisho kikitoka mwaka 1989. Mimi nazungumzia hiki cha kwanza tu, kwa sababu kinajitosheleza na ndicho tulichokisoma neno kwa neno.

Marty ni binti wa miaka 19 aliyefunga safari na mume wake, Clem, kuelekea magharibi mwa Marekani kwa gari la turubai la kukokotwa na farasi, wakitafuta ardhi ya kuanzia maisha. Clem anafariki kwa ajali ya farasi, na Marty anabaki ugenini akiwa mjamzito, hana fedha wala ndugu. Siku hiyohiyo ya mazishi anamjia mkulima mgane aitwaye Clark Davis, ambaye anatafuta mama wa kumlelea binti yake mdogo, Missie. Clark hamwambii hata neno moja la mapenzi. Anampa mapatano: wafunge ndoa ili apate hifadhi wakati wa baridi, yeye Clark atalala kwenye kibanda cha pembeni, na majira ya kuchipua yakifika na msafara wa magari ukirudi mashariki, Marty akitaka kwenda kwao atalipiwa nauli, kwa sharti kwamba aondoke na Missie ili mtoto asikose mama. Marty anakubali kwa uchungu na hasira, kwa sababu hana njia nyingine.

Kinachofuata ni kazi za nyumbani, na ninasema hivyo kwa kusifu. Marty hajui kupika. Anachokimudu ni chapati za maji, basi asubuhi ni chapati za maji, mchana ni hizo, na jioni anazirudia tena. Clark anakaa mezani, anaomba, anakula bila kulalamika, kisha anarudi kwenye shughuli zake. Nilipoisoma riwaya hii peke yangu miaka iliyopita nilizipita kurasa hizo haraka nikitaka kufika mbele, lakini safari hii tulizisoma kwa sauti jikoni kwa mwenzetu, yeye akiwa amekaa kwenye kigoda anachambua mchele, ungo umelala magotini. Tulipofika kwenye mlo wa tatu au wa nne wa chapati, alisimamisha mkono juu ya ungo akasema, "Huyu mwanamume hajatamka kwamba anampenda, lakini amekula." Sote tulikaa kimya kidogo, kisha akaendelea kuokota mawe. Tangu siku hiyo niliielewa riwaya kwa namna nyingine. Oke hasimulii mapenzi ya macho kukutana na moyo kwenda mbio, bali anasimulia namna watu wawili wanaohudumiana kila siku kwa adabu wanavyofika mahali ambapo mmoja hawezi tena kuyafikiria maisha yake bila mwenzake. Kuchinja nguruwe pamoja na majirani, kuisafisha nyumba iliyoachwa na marehemu mke wa kwanza, kukwama ndani siku za Krismasi kwa sababu ya theluji, kujifungua mtoto wa marehemu Clem katika nyumba ya mwanamume mwingine, yote hayo yanapewa nafasi yake, na upendo unaingia katikati ya shughuli hizo bila mtu kuuona ukibisha hodi.

Mjadala mkubwa ulihusu siku ile ya mazishi. Katika kikundi chetu yumo dada mjane, ambaye mume wake alifariki mwaka uliopita, na hakuficha kwamba sura za mwanzo zilimuudhi. Alisema hakuna mwanamume mwenye utu anayemposa mwanamke wakati kaburi bado lina udongo mbichi na matanga hayajaanuliwa, na kwamba kuliita jambo hilo huruma ni kumwonea mjane mara mbili. Mwenzetu mwingine, ambaye ni msaidizi wa kisheria, alikumbusha kwamba hata hapa kwetu wapo wajane waliosukumwa kwa shemeji kabla machozi hayajakauka, ilhali Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 68, inasema wazi kwamba mjane yuko huru kukaa anapotaka, kubaki bila kuolewa, au kuolewa na mwanamume anayemchagua mwenyewe, hata kama mila inasema vingine. Swali lake lilikuwa hili: Marty alichagua, au baridi ndiyo iliyomchagulia? Nilijaribu kumtetea Clark kwa habari za Ruthu na Boazi, kwamba naye Ruthu alikuwa mjane mgeni aliyepata hifadhi katika ndoa, lakini nikajibiwa, na nadhani kwa haki, kwamba Ruthu alikwenda mwenyewe kwenye uwanja wa kupuria.

Ninavyoona mimi, Oke mwenyewe analijua tatizo hilo. Ndiyo maana ahadi ya nauli inabaki imesimama muda wote wa riwaya, na Clark haitumii hata mara moja kumbembeleza wala kumtisha. Marty ana mlango ambao haujafungwa, na msomaji anaujua. Uzito wa sura za mwisho unatoka hapo, kwa sababu kukaa kwake kungekuwa hakuna maana kama kuondoka kusingewezekana. Dada yetu mjane alinisikiliza, hakukubali, na sikumlazimisha.

Sharti la kumchukua Missie nalo lilitupa kazi. Kwa wengi wetu, waliozaliwa katika koo ambazo mtoto ni wa upande wa baba bila mjadala, lilikuwa jambo gumu kulisadiki: baba awezaje kumkabidhi binti yake wa pekee kwa mwanamke aliyekutana naye leo, amvushe nchi nzima asimwone tena? Mama wa makamo katika kikundi alisema kwamba hapo ndipo alipompenda Clark, kwa kuwa alitazama anachohitaji mtoto kabla ya kutazama anachohitaji yeye. Mwingine alisema hiyo ni hesabu ya mwandishi, si ya baba. Mimi niko katikati, ila nakiri kwamba Missie ndiye aliyeniteka. Ni mtoto mdogo sana, ambaye kwanza anamkataa Marty kwa kilio na ukaidi, na Oke anaandika ukaidi huo kama mtu aliyewahi kumvalisha nguo mtoto asiyetaka kuvalishwa.

Kwa msomaji wa Kiswahili, lugha ndiyo itakayompa shida ya kwanza, na afadhali ajue mapema. Wahusika hawazungumzi Kiingereza cha shuleni. Wanazungumza Kiingereza cha wakulima walowezi, na Oke ameyaandika maneno kama yanavyosikika, hata katika vichwa vya sura: ipo inayoitwa "A Mama fer Missie", ambapo "for" imeandikwa "fer". Mwenzetu mmoja alidhani nakala yangu imejaa makosa ya uchapaji. Kwa hakika hali hii inafanana na kusoma mazungumzo ya Kimvita au Kipemba ukiwa umezoea Kiswahili cha magazeti, ambapo jicho linajikwaa kabla ya sikio kuelewa. Dawa yake ni kusoma kwa sauti. Sisi tulifanya hivyo kwa sura tatu za kwanza, na baada ya hapo hata wale ambao Kiingereza chao waliishia nacho kidato cha nne walikwenda vizuri.

Kuhusu imani, wapo wanaoziogopa riwaya za Kikristo kwa kudhani watahubiriwa kila ukurasa. Hapa haiko hivyo. Clark anasoma Biblia na kuomba mezani, na Marty, ambaye hakulelewa katika desturi hiyo, anashangaa kumsikia mtu akizungumza na Mungu kana kwamba yupo chumbani. Hamwulizi mengi, na Clark hamlazimishi. Imani ya Marty inakua kwa mwendo uleule wa upendo wake, kidogo kidogo, na imebebwa zaidi na matendo ya majirani kuliko na mahubiri. Sura iliyotugusa wengi ni ile ambayo jirani yao, Ma Graham, mama wa watoto wengi na mpishi hodari aliyemfundisha Marty kazi za jikoni, anamfunulia kwamba yeye mwenyewe alifiwa na mume akaolewa tena kwa sababu ya shida, na kwamba kumpenda mume wa pili kulimjia polepole. Jina la kitabu limetoka katika fikra hiyo. Dada yetu mjane aliomba irudiwe. Ilipokwisha hakusema kwamba amebadili msimamo; alisema tu kwamba angependa kuwa na jirani kama yule. Kisha akatusomea kutoka kwa kumbukumbu, "Upendo huvumilia, hufadhili," akaishia hapo.

Yapo niliyoyaona kuwa mapungufu. Clark ni mwema kupita kiasi. Nilitamani walau mara moja akasirike bila sababu ya haki, au aseme neno ambalo angelijutia, kwa sababu mwanamume aliyemzika mke na kuachiwa mtoto mdogo ana majonzi yake, na Oke anayagusa majonzi hayo kwa uangalifu mwingi mno. Marty ndiye anayepewa udhaifu wote: hasira, kiburi, chakula kilichoungua. Pia msuko wa riwaya hauna mshangao. Anayesoma jina la kitabu anajua kitakavyoishia, na anayehitaji mafumbo na misukosuko atachoka kabla ya katikati.

Jambo jingine lilisemwa na mwenzetu aliyekulia Nakuru, na sikuwa nimeliwazia hata kidogo. Aliuliza ardhi hii ya Clark ilikuwa ya nani kabla ya kuja kwake. Walowezi wa magharibi ya Marekani waligawiwa ardhi kwa sheria ya mwaka 1862, ekari 160 kwa kila aliyetimiza masharti, na wenyeji wa asili waliokuwa wakiishi huko waliondolewa. Katika riwaya hii watu hao hawana nafasi, na nchi inaonekana kana kwamba ilikuwa tupu ikimngoja mkulima. Kwa mtu aliyekua akisikia habari za mashamba ya walowezi katika Bonde la Ufa, ukimya huo unaumiza. Sisemi kwamba Oke alikusudia ubaya, wala kwamba kitabu kisisomwe, lakini msomaji wetu ana haki ya kuliuliza swali hilo huku akiipenda hadithi.

Ipo filamu ya televisheni ya mwaka 2003, iliyoongozwa na Michael Landon Jr., Katherine Heigl akiwa Marty na Dale Midkiff akiwa Clark. Ni nzuri kwa jioni ya familia, ila Missie amefanywa binti mkubwa anayejibizana, na kwa hiyo ile kazi ya polepole ya kumshinda mtoto mdogo kwa upole haipo. Tafadhali soma kwanza.

Nakala yangu niliinunua ya mtumba kwa muuza vitabu wa barabarani aliyenihakikishia kwamba imekamilika. Jalada lilikuwa safi na gundi ya mgongo imeshika, nami sikuikagua. Tulipofika mwisho, jioni ya Jumapili ya nne, niligundua kwamba karatasi ya mwisho haipo: msafara wa magari umekaribia, Marty bado hajafungua kinywa, na baada ya hapo kuna kadibodi ya jalada. Nilisikitika sana, kwa sababu nilikuwa nimewaahidi wenzangu kuusoma mwisho huo kwa sauti. Mmoja wao alikuwa amenunua nakala ya kielektroniki kwenye simu, basi nikaisomea hapo, simu ikiwa imeegemezwa kwenye birika la chai, na wale waliokuwa mbali na meza wakasogeza viti. Ukinunua ya mtumba, fungua ukurasa wa mwisho kabla ya kutoa fedha.

Usiku ule, baada ya wote kuondoka, nilinakili maneno ya karatasi iliyokosekana kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari, pande zote mbili, nikaiingiza mahali pake. Wiki iliyofuata dada yetu mjane alikuja nyumbani kuiazima riwaya, akisema anataka kuisoma tangu mwanzo akiwa peke yake. Nilimwonyesha ile karatasi ili asiidondoshe. Aliitoa, akaikunja mara moja, akaihamishia mbele ya kitabu, kwenye sura ya mazishi, akaniambia kwamba angeanza nayo.