Mashine ya kuoshea santuri kuukuu za okestra: uzoefu wangu

Nitoe uamuzi mapema kwa wasio na subira. Kama una santuri kuukuu za okestra na una uwezo wa kununua kifaa kimoja tu cha kuzifufua, chukua mashine ya kuoshea inayofyonza maji. Sindano ya bei kubwa na programu za kompyuta za kusafisha sauti zije baadaye.

Yangu ni ya aina ya kawaida: santuri inazunguka, unatia dawa, unasugua kwa brashi laini kufuata mifuo (mifereji myembamba inayobeba sauti), kisha mkono wenye mwanya mwembamba unafyonza maji pamoja na uchafu uliolegea. Huko kufyonza ndiko kunakostahili gharama. Ukiosha kwenye beseni na kuiacha santuri ikauke yenyewe, maji hukauka na tope hubaki chini ya mfuo, likingoja sindano.

Muziki wa dansi una ngoma na magitaa ya kuficha mengi. Okestra haina huruma hiyo, maana fidla zinaweza kushuka hadi mnong'ono na hapo kila chembe ya vumbi inajitangaza. Ninayo Also sprach Zarathustra, kazi ya Richard Strauss, ya kondakta Fritz Reiner na Chicago Symphony Orchestra, iliyorekodiwa kwa stereo (sauti ya chaneli mbili, kushoto na kulia) mwaka 1954, ingawa santuri za stereo zilianza kuuzwa kwa wingi mwaka 1958. Kazi hiyo inaanza kwa noti moja ya chini sana, ndefu, ya kinanda cha kanisani na vyombo vizito. Kabla ya kuosha, noti hiyo ilikuwa ikitatarika kama mafuta kikaangoni. Baada ya kuosha, mngurumo wa ngoma kubwa chini yake ulijitenga, na tarumbeta zilipoingia nikasikia na ukumbi uliozizunguka.

Uchafu ukiondoka, yanajitokeza pia mambo ambayo hayakuwa uchafu. Kampuni ya rekodi ya Decca ilirekodi sana katika ukumbi wa Kingsway Hall, London, na treni za chini ya ardhi zilipita karibu na jengo lile. Katika sehemu tulivu za baadhi ya rekodi hizo, mvumo wake unasikika. Mimi nauacha. Mtu mwenye programu mkononi angeufuta, na hapo ndipo ninapotofautiana na wapenzi wengi wa kusafisha sauti kwa kompyuta.

Siipingi programu. Huwa naingiza sauti kwenye kompyuta kwa ubora wa juu (biti 24 na kilohezi 96), kisha nashughulikia mlipuko mmoja mmoja wa vumbi au mkwaruzo kwa mkono. Ukiiachia programu ifanye kazi yote, itachukua mwanzo mkali wa tarumbeta au zailofoni na kuudhani ni mkwaruzo, iukate, ikuachie wanamuziki wanaopuliza kupitia blanketi. Santuri iliyooshwa vizuri hupunguza sana kazi hiyo.

Kwa rekodi za mono, yaani zenye chaneli moja tu ya sauti, mashine hii ina msaidizi asiye na gharama. Mfuo wa mono hubeba muziki kwa mwendo wa kushoto na kulia tu. Mwendo wa juu na chini ni kelele tupu. Ukiunganisha chaneli mbili za kifaa chako kuwa moja, sehemu kubwa ya kelele hiyo inajifuta. Pictures at an Exhibition ya kondakta Rafael Kubelík, ambayo kampuni ya Mercury iliirekodi mwaka 1951 kwa maikrofoni moja, ilinishangaza zaidi ya stereo nyingi nilizonazo.

Sasa upande wa pili. Mashine haiponyi mfuo uliochimbwa na sindano butu, huo umekwenda. Wala haiwezi kitu na tatizo la mwisho wa upande. Santuri ya mizunguko 33⅓ kwa dakika hupita chini ya sindano kwa takriban sentimita 50 kwa sekunde pembeni, na karibu 20 tu ikifika katikati. Mawimbi ya sauti yanabanana, na bahati mbaya simfoni nyingi huweka kishindo chake kikubwa mwishoni kabisa. Hapo dawa ni sindano yenye ncha nyembamba iliyopangwa sawasawa.

Kelele za mota ni za kufukuza watu sebuleni. Usifyonze kwa muda mrefu baada ya santuri kukauka, kwani unaijaza umeme tuli na vumbi la chumba kizima linairukia. Mzunguko mmoja au miwili unatosha. Vitambaa vya mkono wa kufyonza visafishwe kila mara, la sivyo vinahamisha uchafu kutoka santuri moja kwenda nyingine. Na usirudishe santuri safi ndani ya mfuko wake wa ndani wa zamani.

Dawa yangu ni maji yaliyokenekwa, alkoholi ya isopropili kidogo na tone la sabuni isiyo na manukato, halafu nasuuza kwa maji matupu. Mchanganyiko huo ni wa vinaili, plastiki ya santuri za kawaida, peke yake. Sahani nzito za zamani za mizunguko 78 kwa dakika nyingi ni za sheleki, utomvu mgumu unaotokana na wadudu, na alkoholi huiyeyusha sheleki. Hizo zioshe bila alkoholi kabisa.

Kama santuri zako ni chache, usinunue mashine. Mtafute mwenye nayo akuoshee kwa malipo, umpelekee na mifuko mipya ya ndani.