Körkarlen kwenye Blu-ray: sikilizeni koti linavyochanika

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni tena. Hii niliyoishika ni diski ya Körkarlen, sinema bubu ya Uswidi ya mwaka 1921, toleo la Criterion, kampuni ya Marekani inayotoa sinema za zamani kwenye diski. Mwongozaji ni Victor Sjöström, na ndiye huyohuyo anayeigiza mlevi David Holm. Kisa kimetoka kwenye riwaya ya Selma Lagerlöf.

Inasemwa kwamba anayekufa wa mwisho mkesha wa Mwaka Mpya ataendesha gari la farasi la Mauti mwaka mzima, akikusanya roho. David anakata roho usiku huo, na dereva anayemjia ni rafiki yake wa ulevi. Anamfunga kamba, anamtupa garini, na safari ya kusutwa inaanza.

Nendeni moja kwa moja kwenye koti. Edit, dada wa Jeshi la Wokovu, anakesha akishona koti la David lililochakaa, na humo anapata kifua kikuu. Asubuhi David analivaa, anaona viraka, anavinyofoa mbele ya macho ya Edit. Mwaka mmoja baadaye Edit yuko kitandani anakufa, na bado anamwita David. Mimi hapa husimamisha picha kwanza. Sauti hakuna, lakini kitambaa kile nakisikia kinachanika.

Na majuto hayamjii David kwa mkupuo. Anabisha, anang'ang'ana, anageuza uso, mpaka anapopiga magoti kando ya kitanda cha yule dada. Roho yake unaona hadi vitu vilivyo nyuma yake: mpigapicha Julius Jaenzon alipitisha ukanda uleule wa filamu kwenye kamera zaidi ya mara moja.

Diski ina muziki wa aina mbili. Wa KTL, kundi la wanamuziki wawili, ni mivumo mizito ya kielektroniki. Unatisha kweli, ila unakuhimiza uogope wakati David anajuta. Wa mtunzi Matti Bye unampa nafasi. Anzeni na huo.

Maandishi ni ya Kiswidi, tafsiri ya Kiingereza iko chini. Kabla hamjatoa pesa, angalieni deki zenu: diski za Blu-ray hufungiwa maeneo ya dunia yanayoitwa kanda; hii ni ya Marekani, kanda A, na Afrika tuko kanda B. Tafuteni deki inayosoma kanda zote, la sivyo itaikataa. Mimi nilihangaika kuipata deki hiyo, na kwa lile koti peke yake ningehangaika tena.