Skrini ya Miaka 11: Kwa Nini Niliitengeneza Badala ya Kununua Nyingine

Nina kiofisi kidogo cha kuchapa kazi za wanafunzi hapa Kamalondo, Lubumbashi, na kwa miaka 11 nimetumia skrini ileile ya kompyuta ya inchi 19, ya umbo la zamani linalokaribia mraba. Mwezi wa Novemba, mvua na radi zilipoanza na umeme ukawa unakatika na kurudi kwa kishindo, ilianza kunisumbua: nikiiwasha asubuhi, picha inatokea kwa sekunde mbili, kisha giza, ingawa taa ya kitufe inaendelea kuwaka. Nilikuwa nikiizima na kuiwasha mara tano au sita mpaka ikubali.

Katika duka la kwanza waliiangalia kwa nje tu, wakasema imekufa, wakanionyesha mpya ya dola 130. Sikuridhika, maana hakuna aliyeshika hata bisibisi.

Fundi wa pili, karibu na soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, alifunga mlango ili chumba kiwe na giza, akamulika kioo cheusi kwa tochi ya simu. Nikaona barua niliyokuwa nimeiacha wazi, herufi zake hafifu kama ziko chini ya maji. “Mama, kioo ni kizima,” alisema, “kinachokosa nguvu ni mwanga wa nyuma, ule unaomulika kioo ili picha ionekane.” Alipoifungua, kwenye bodi ya umeme tulikuta kapasita tatu, vipande vidogo vinavyohifadhi chaji ya umeme, ambavyo mafundi wetu huviita kondensateri, zimevimba vichwa kama maandazi, na moja imevuja uchafu wa kahawia. Alizibadilisha kwa nyingine za mikrofaradi 1000 zilezile, yaani uwezo uleule wa kuhifadhi chaji, lakini za volti 25 badala ya 16, akanieleza kwamba volti ambazo kapasita inaweza kuzihimili zikizidi si neno, zikipungua ndiyo hatari. Alinikataza pia kujaribu kazi hiyo nyumbani, kwa kuwa kapasita kubwa iliyo upande wa umeme wa ukutani huweza kubaki na chaji hata baada ya waya kuchomolewa.

Nililipa dola 12, na huu ni mwezi wa nane skrini inawaka kwa mara moja. Malalamiko yangu ni madogo: skurubu mbili hazikurudi mahali pake, ukingo ulikwaruzwa, na dhamana ilikuwa ya mdomo tu, bila karatasi.

Kilichonifanya nimwamini zaidi ni kwamba baadaye nilimpelekea skrini ya mdogo wangu, iliyoanguka ikapasuka ndani na kubaki na doa jeusi lenye mistari ya wima, akakataa kuishika. Kioo peke yake, alisema, bei yake inakaribia ya skrini nzima, na kupata kinacholingana na modeli hiyo ni bahati nasibu. Hapo tulinunua iliyokwishatumika, baada ya kuijaribu kwa ukurasa mweupe mtupu ili tuone kama ina nukta zilizokufa, yaani zisizowaka.

Yangu nayo haitaishi milele. Kona ya kushoto imeanza kugeuka njano, jambo la kawaida kwa skrini zinazomulikwa kwa mirija ya taa badala ya vitaa vidogo vya LED, na ina tundu la VGA pekee, lile la zamani la kupokea picha, kwa hiyo kompyuta yangu mpya yenye tundu la kisasa la HDMI imenilazimu kununua adapta ya dola 7. Mirija ikifa, sitaitengeneza tena. Kwa sasa, sehemu ya zile dola 130 ambazo sikuzitumia nimenunulia stabilizeri, kifaa cha kusawazisha umeme, ambayo kompyuta na printa pia zinaitegemea.