Kitalu cha Bibi njia ya Fuoni: maua nayasifu, udongo wa polo siutaki tena

Naandika kwa wale ambao masika yamewatia hamu ya kupanda na hawajui miche wakaitafute wapi. Kuna kitalu njia ya Fuoni, hapa Unguja, hakina ubao wala jina. Ulizia "kwa bibi wa maua", utaonyeshwa. Mwaka huu karibu kila kilichomo uani kwangu kimetoka pale, kizuri na kibaya, kwa hiyo ninalo la kusema.

Kwanza mjue ninapokaa. Chukwani, nyumba imekaa juu ya mawe. Ukipiga jembe mara mbili, la tatu limeshagonga jiwe. Nilipofika kitaluni nikaamkia, Bibi kaitika marahaba, kisha kabla sijashika kitu akaniuliza: "Kwenu udongo au mawe?" Nikamwambia mawe. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye mwaridi mmoja mwekundu, mzuri khasa. Akausogeza nyuma. "Huu utakula pesa yako, mwanangu. Mawe yale yana chokaa. Majani yatageuka manjano, mishipa ibaki kijani, wewe udhani una kiu uzidi kuumwagia maji. Ukiutaka sana, uweke kwenye chungu." Muuzaji anakukataza kununua! Mjini hapa umewahi kuliona hilo? Mwaridi nikauacha, nikamwambia basi nipe wewe unachokijua.

Akanipa asmini, na asmini ndiyo inayonifanya nimpigie debe. Kwingine watakuuzia kijiti kimoja kirefu kama bakora ya chuoni, kimetoa majani matatu juu, na bei yake utashangaa. Miche ya Bibi ni mifupi, imetoa matawi tangu chini, shina limeshakuwa gumu. Siri yake ni kuwa hailelewi kivulini mpaka mwisho. Inaanza chini ya makuti, kisha anaitoa nje asubuhi tu, baadaye nusu ya siku, halafu kutwa. Mche uliozoea kivuli ukiupeleka ghafla kwenye jua la uani, majani yanaungua siku hiyo hiyo. Yangu haikutingishika. Kanifundisha pia kutandika makumbi ya nazi chini ya shimo ili yashike maji, kwani kwenye mawe maji hayakai, na mchanga wa pwani nisithubutu kuuchanganya kwa ajili ya chumvi.

Mvua ilipoachia siku mbili tatu na jua likachoma, tumba zikatoka. Nazichuma baada ya alasiri zikiwa bado zimefumba, maana asmini hufunguka magharibi, na iliyotungwa mapema hufungukia mwilini kwa mvaaji. Rihani nayo imetoka kwa Bibi, na masharti yake: kila inapotaka kutoa maua, kata ncha, itazidi kujaa. Jirani yangu mwenye harusi keshanambia vikuba, vile vishada vya asmini na rihani, vitatoka kwangu. Sijui kama ni oda au ni amri.

Sasa mboga. Bilingani na bamia za pale hazina neno, zimesimama vizuri na bamia tumeshaanza kuzila. Pilipili mbuzi nayo imeshika maua. Mchicha msinunue miche, nunueni mbegu mtawanye wenyewe. Mvua hizi wiki tatu nne mnakula. Na kotmiri, nawaombeni, piteni mbali na vile viriba vyake vya kotmiri hata vikiwa kijani namna gani. Mzizi wake unashuka moja kwa moja chini, haupendi kuguswa. Ukiuhamisha unanuna, kisha joto kidogo tu unakimbilia kutoa maua. Chukua dania nzima ya dukani, ndiyo mbegu yake, isugue igawike vipande viwili, ipande pale pale itakapokaa. Bora uingoje kipupwe. Hili Bibi mwenyewe analijua, nilipomuuliza mbona anauza akacheka: "Watu wanataka."

Tungule, wengine mnaziita nyanya, ndizo zilizonikera. Siku niliyokwenda kuzitafuta Bibi hayupo, yupo kijana wake, mjukuu, na masika yamepamba moto. Kijana akasema hizi hazina neno, mvua ni neema. Neema kweli, lakini kila tone linaloanguka linarusha udongo kwenye majani ya chini, na huko ndiko bakajani inakoanzia: madoa ya kahawia yenye duara ndani ya duara, jani linakuwa manjano, linaanguka, ugonjwa unapanda juu. Nilikata majani ya chini, nikatandaza makuti makavu chini ya mashina, nikafunga kila mtungule kwenye mti wake. Imebaki mitatu, na hiyo nayo naitazama tu. Bibi aliporudi nikamweleza. Fedha hakurudisha, kanipa miche ya pilipili boga, akamgombeza mjukuu mbele yangu mpaka nikaona haya mimi. Kwa maelezo yake tungule za nje zipandwe mvua ikishakatika, mwezi wa sita huko.

Na udongo wa polo, yaani wa gunia. Wanauza udongo mweusi uliochanganywa na samadi, unaletwa mpaka mlangoni kwa bajaji, na kwa sisi wa mawe hilo si jambo dogo. Samadi yenyewe imeoza vizuri, hainuki, haichomi mizizi. Lakini ndani yake mna ndago, magugu yale sugu! Zimechomoza kwenye vyungu, kwenye matuta, hata pembeni mwa ngazi. Ukizing'oa majani yanabaki mkononi, kile kijungu cha mzizi, mfano wa kiazi kidogo, kinabaki chini, kesho kinaleta wenzake. Dawa yake ni kuchimba na kukifuata kijungu kimoja kimoja, na uti wa mgongo wangu umeshanipa majibu. Udongo hauchungwi hata kwa chekecheke ya waya, na hili si la kijana, ni la kitalu kizima. Nilimwambia Bibi, akasema "ndago ipo kila pahala". Jibu hilo sikuridhika nalo.

Kwa hiyo maua nakipa tano juu ya tano, mboga tatu, udongo sifuri. Asmini nilinunua elfu tatu mche, bilingani mia tano, na ukichukua vingi anakuongezea rihani. Malipo ya simu hawapokei, nenda na fedha mkononi. Ijumaa wanafunga mchana. Kabla ya kulipa, inua kiriba utazame chini: ikiwa mizizi imeshatoka na kuzungukazunguka, omba mwengine. Na ukimkuta kijana peke yake, nunua maua, mboga mngojee Bibi.