Lucius wawili si mtu mmoja: uzoefu wangu na programu ya nasaba za Roma

Nianze na kilichoniudhi. Mazuri yake yatapata nafasi baadaye, nikitulia. Mtu hawezi kuwa konsuli wa Roma (mmoja wa viongozi wakuu wawili waliochaguliwa kila mwaka) mwaka 119 K.K., akawa tena konsuli mwaka 117 K.K., na mwaka huohuo wa 117 akaingia mjini kwa maandamano ya ushindi kama kamanda anayetoka vitani. Haipo hiyo. Lakini fungua ukoo wa akina Caecilius Metellus kwenye programu hii ya kulipia, utamkuta: Lucius Caecilius Metellus mmoja, kisanduku kimoja kwenye shajara, yaani mti wa ukoo, na lakabu mbili zimebandikwa pamoja, Delmaticus na Diadematus.

Hao ni watu wawili, tena ni watoto wa baba mkubwa na baba mdogo. Baba yake Delmaticus ni Lucius Metellus Calvus, yaani Mwenye Upara, konsuli wa 142 (miaka yote nitakayoitaja ni K.K.). Baba yake Diadematus ni Quintus Metellus Macedonicus, yule aliyemshinda Andriscus, aliyejitangaza mfalme huko Makedonia, mwaka 148 kisha akawa konsuli wa 143. Calvus na Macedonicus ni ndugu, baba yao ni Quintus, konsuli wa 206. Kwa hiyo una vijana wawili wenye jina moja, ukoo mmoja, babu mmoja, na ukonsuli uliopishana miaka miwili tu. Ni mtego, nakubali. Ila kuuvuka mtego huo ndiyo kazi tunayoilipia. Kuorodhesha majina peke yake hata daftari la shule linaweza.

Na Warumi wenyewe walishaacha ufunguo mlangoni. Kwenye orodha ya makonsuli iliyochongwa kwenye marumaru enzi za Augustus, huyu wa 119 ni L. f. Q. n., na huyu wa 117 ni Q. f. Q. n. Herufi f. ni mwana, n. ni mjukuu. Kwa Kiswahili chetu wala haihitaji darasa: Lucius bin Lucius bin Quintus, na Lucius bin Quintus bin Quintus. Aliyewahi kusoma habari za magavana wa Kimazrui wa Mombasa anajua kwamba Abdalla bin Muhammad na Abdalla bin Ahmed hawakutawala kwa zamu moja. Ukifuta bin, umebaki na Abdalla mmoja aliyeishi maisha mawili. Hiki ndicho walichokifanya hawa: wamefuta bin.

Chanzo cha kosa nimekipata kwa kujaribu. Kisanduku cha kutafutia hakisomi nukta. Ukiandika "L. f. Q. n." kinatupa f. kama takataka, halafu n. kinaigeuza kuwa Nepos. Sasa Nepos ni neno lenye maana ya mjukuu, kweli, lakini kwa akina Metellus ni lakabu pia: kuna Quintus Metellus Nepos konsuli wa 98, na mwingine konsuli wa 57. Kwa hiyo ukimtafuta Delmaticus kwa nasaba yake kamili unaletewa Nepos wawili ambao hukuwaita. Na shajara nayo inaonekana kuunganisha watu kwa vitu vitatu tu: jina la kwanza, jina la ukoo, na babu, mradi miaka yao ya ukonsuli iwe karibu. Baba haangaliwi. Baba! Kwa Mrumi, kitu cha kwanza baada ya jina ni baba.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Sikuandika kwa hasira. Niliweka nasaba zote mbili, miaka, na namba zao katika ensaiklopidia kubwa ya Kijerumani ya mambo ya kale, ile ya Pauly na Wissowa, ambayo imempa kila Caecilius namba yake: Delmaticus ni 91, Diadematus ni 93. Jibu lilikuja baada ya siku kadhaa. Nalinukuu: "Ndugu mteja, hao wote ni Metellus na walifariki zamani sana. Tofauti ya herufi moja haiathiri matumizi ya programu." Chini yake alama ya kijani: limetatuliwa.

Limetatuliwa na nani? Yaani tufunike kombe.

Haya, tuone herufi moja inaathiri nini. Kwanza sheria. Tangu miaka ya 150 Warumi walikataza mtu kuwa konsuli mara ya pili kabisa. Scipio Aemilianus alihitaji ruhusa ya pekee ili aupate tena mwaka 134, na Marius alipoanza kuurudia kila mwaka kuanzia 104 ilikuwa ni kishindo cha kisiasa. Sasa programu inatuambia kwamba kati ya hapo Lucius mmoja aliurudia kimyakimya baada ya miaka miwili, na hakuna mwandishi wa kale hata mmoja aliyeshtuka. Programu ingekuwa na kengele ndogo tu ya kukagua jambo hili, kosa lingejitokeza lenyewe.

Pili, watu wa pembeni. Ndugu wa kweli wa Delmaticus ni Quintus Metellus Numidicus, konsuli wa 109, aliyepigana na Jugurtha, mfalme wa Numidia. Delmaticus akishahamishiwa kwa Macedonicus, anamburuta Numidicus pamoja naye. Programu sasa inamwonyesha Numidicus mara mbili, upande huu mwana wa Calvus, upande ule mwana wa Macedonicus, na ukibofya "uhusiano" unaambiwa kwamba ni binamu wa nafsi yake. Bintiye Delmaticus, Caecilia Metella aliyeolewa na Aemilius Scaurus kisha Sulla, anageuka mjukuu wa Macedonicus ilhali babu yake ni Calvus. Macedonicus, ambaye wana wake wanne wote walifikia ukonsuli, amepewa wa tano bure. Na hata hao wanne hesabu haikai sawa, kwa sababu Diadematus halisi amemezwa.

Tatu, sifa za mtu. Delmaticus alipata lakabu yake kwa Dalmatia, na Appian, mwandishi wa kale wa historia, anaeleza vita hiyo kwa dharau: watu hawakuwa na kosa, wakampokea kama rafiki, akakaa mjini Salona majira ya baridi, akarudi Roma kushangilia ushindi. Kwa ngawira hizo akalijenga upya hekalu la Castor pale Forum. Baadaye alikuwa kuhani mkuu. Diadematus yeye lakabu yake haina vita: alikuwa na kidonda kilichomsumbua muda mrefu, akawa anaonekana amefunga bandeji kwenye paji la uso kama kilemba cha kifalme, yaani diadema. Programu imetupa kamanda mwenye bandeji anayejenga hekalu. Picha nzuri kwa katuni.

Kama umeshalipia na hutaki kupoteza pesa, namna ya kuizunguka ni hii. Usitafute kwa jina. Tafuta kwa mwaka wa ukonsuli, andika "119" tupu bila K.K., maana ukiongeza K.K. inakupeleka karne nyingine. Fungua kisanduku kitakachokuja, shuka mpaka sehemu ya vyanzo, utaona nasaba kama ilivyochongwa. Soma herufi iliyo kabla ya f., hiyo tu. Iliyo kabla ya n. haitakusaidia hapa kwa sababu babu ni mmoja. Kisha bonyeza "tenganisha", mpe kila mmoja baba yake kwa mkono, na ndipo umrudishe Numidicus kwa Calvus. Ukianza na Numidicus kabla hujawatenganisha akina Lucius, itamrudisha ilikomtoa. Usipakue shajara kabla ya kumaliza, kwa kuwa faili likishatoka halipokei marekebisho. Angalia pia kifupisho C.: ni Gaius, siyo Cornelius wala Caecilius. Programu inakosea hapo mara nyingi kiasi.

Baada ya yote hayo nilikuwa tayari kuipa nyota moja na kufunga mjadala. Tatizo ni sarafu.

Sehemu ya sarafu imetengenezwa na mtu mwingine kabisa, nina hakika, mtu anayeipenda kazi yake. Dinari za akina Metellus zimepigwa picha pande zote mbili, kwa mwanga wa ubavuni, hata maandishi yaliyolika yanasomeka. Unaanza na dinari ya Marcus ya mwaka 127: ngao ya Kimakedonia, na katikati ya ngao kichwa cha tembo. Ngao ni ya baba yake, Macedonicus. Tembo ni wa mbali zaidi, wa Lucius Metellus konsuli wa 251, aliyewashinda Wakarthago chini ya kuta za Panormus, Palermo ya leo, mwaka 250, akateka tembo wao na kuwapeleka Roma. Miaka zaidi ya mia imepita na ukoo bado unatembea na tembo yule. Ya Gaius, ya mwaka 125 hivi, ina Jupiter kwenye gari linalokokotwa na tembo wawili. Marcus na Gaius hao ni ndugu, na walikuja kufanya maandamano ya ushindi siku moja, mwaka 111. Kisha Metellus Pius, mwana wa Numidicus: upande mmoja sura ya Pietas, mungu wa kike wa uchaji, na korongo, upande wa pili tembo anatembea na chini yake Q.C.M.P.I. Programu imezifungua herufi hizo moja moja, Quintus Caecilius Metellus Pius Imperator, bila kukosea.

Na kinachoniuma ni hiki: dinari ya Marcus imeandikwa M METELLVS Q F. Bin Quintus, kwenye kipande cha fedha cha gramu zisizofika nne. Mchonga sarafu alipata nafasi ya kumweka baba. Sehemu ya sarafu imeitafsiri vizuri kabisa. Sehemu ya shajara, programu ileile, imeitupa.

Basi nyota tatu. Nilifika hapo, kweli. Hata wale akina Quintus wawili, Celer konsuli wa 60 na Nepos wa 57, wanaoitwa ndugu ilhali ndugu wa baba mmoja hawakupewa jina moja la kwanza, programu imewaunganisha kwa mstari wa vitone badala ya kujifanya inajua. Huo ni uungwana. Pia imemtendea haki Scipio: alizaliwa Publius Cornelius Scipio Nasica, Metellus Pius akamrithisha jina kwa wasia, akawa Quintus Caecilius Metellus Pius Scipio, na ndiye aliyeshindwa na Caesar huko Thapsus, Tunisia ya leo, mwaka 46. Wamemweka kama mtu mmoja mwenye majina mawili, na binti yake wamemwacha Cornelia, kama alivyoitwa. Nilitaka kuwapongeza.

Halafu nikafungua kaburi la Via Appia. Lile la mviringo, lenye upana wa karibu mita 30, ambalo kila mtalii hulipiga picha. Maandishi yake yako wazi: CAECILIAE Q CRETICI F METELLAE CRASSI. Kwa Caecilia Metella, binti wa Quintus Creticus, mke wa Crassus. Maneno manne na herufi mbili, na zote zinasema ni nani. Programu imemlaza humo mke wa Sulla! Yule binti wa Delmaticus, aliyefariki wakati Creticus hajaupata hata ukonsuli, maana aliupata mwaka 69. Na Crassus wamemfanya yule tajiri aliyefia kwa Waparthi, wakati mkewe wa kujulikana ni Tertulla. Kosa ni lilelile. Mabinti wote wa ukoo huu waliitwa Caecilia Metella, hawana hata jina la kwanza la kuwatofautisha, kwa hiyo kwao baba ndiye kila kitu, na programu haimwangalii baba. Ukitaka kuwatumia wanawake wa shajara hii kwa lolote, andika pembeni kwa mkono wako baba na mume wa kila mmoja kabla hujaamini kisanduku chochote. Nyota mbili. Moja na nusu.

Nilikuwa nimeshaandika hivyo wakaleta toleo jipya, na katika orodha ya maboresho wametaja "kutenganisha majina yanayofanana". Nikafungua mbio. Kweli wametengana: Lucius wa 119 ana baba yake Calvus, Lucius wa 117 ana baba yake Macedonicus, Numidicus amerudi kwao na si binamu wa nafsi yake tena. Nikasema nitafuta malalamiko, niwape nne kwa ajili ya kusikia. Kisha nikasoma maelezo ya chini ya majina. Diadematus ameshinda Dalmatia na kujenga hekalu. Bandeji wamemfunga Delmaticus.