Mara tatu, na shingo ya mama haikuguswa

Naandika hasira haijashuka, mnivumilie.

Mama ana miaka 71. Kwa majuma kadhaa alichoka bila kazi yoyote, homa inapanda jioni, usiku analowa jasho mpaka tunabadilisha shuka. Tukaenda kliniki ile mara tatu, na mara zote tatu tukamkuta daktari yuleyule, macho kwenye kompyuta. "Unakohoa?" Hakohoi. "Damu imepungua kidogo. Mama, umri huo, ukapumzike." Nikamwonyesha uvimbe shingoni. "Mitoki tu, itanywea." Hakuinuka kitini! Mtu amesomea udaktari, anashindwa kunyoosha mkono?

Safari ya tatu, tunatoka, muuguzi wa zamu akamkalisha mama ampime presha. Alipolegeza kola ya gauni akanyamaza. Akasugua viganja vipate joto, akaomba ruhusa, akapitisha vidole chini ya taya, nyuma ya masikio, akashuka taratibu hadi juu ya mtulinga. Hapo akatulia. "Inauma?" Haiumi. "Ina muda gani?" Zaidi ya mwezi. "Tezi ya hapa haiachwi hivihivi, hata kwa kijana, sembuse mama." Akaingia mwenyewe kwa daktari mkuu, akarudi na karatasi ya rufaa.

Huko walitoa tezi nzima, wakaeleza kuwa kinyama kidogo cha sindano kinaweza kushindwa kuonyesha saratani ya tezi, limfoma. Siku za kusubiri majibu sitaki kuzikumbuka. Majibu: kifua kikuu cha tezi. Mama hajakohoa hata siku moja! Kumbe vijidudu vyake huweza kulala mwilini miaka na miaka, kinga ikidhoofu uzeeni vinaamka, na si lazima viamkie mapafuni. Dawa ni miezi 6, na unapona.

Nilikaa kuandika nikitaka kuwaambia msikanyage pale. Lakini muuguzi yule yuko palepale, na bila yeye sijui leo ningekuwa naandika nini. Basi nendeni, mwulizieni yeye. Au hapana, msiende: asipokuwa zamu mtamkuta yule wa kompyuta, na mgonjwa wenu ni mzee kama wangu. Mkilazimika, msinyanyuke kitini mpaka ashikwe shingo, kwapa na kinena.

Mama yuko wiki ya tatu ya dawa. Jana usiku shuka zililala kavu.